Kwa Nini Mama Vero Aliacha Kupika Chai

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, wazee wa ukoo na ninyi nyote mliofika hapa nyumbani, mwangaluka. Mimi ni Flora, mke wa Dastan, mkamwana wa marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu tangu niolewe nimeshinda naye jikoni, siyo kwa sababu najua kusema mbele za watu, kwa hiyo nitasoma kama nilivyoandika. Wazee waliipitia historia hii jana mchana wakaniomba nifute sehemu moja, nami sikuifuta, kwa kuwa ndiyo sehemu aliyoniagiza marehemu mwenyewe, yaani watu wa Bariadi waambiwe kwa nini aliacha kupika chai, na anayeona maneno hayo hayafai mbele ya jeneza anaweza kusogea kule kwenye baiskeli, tutamwita wakati wa kubeba.

Marehemu Felisita Milembe Luhaga alizaliwa tarehe 3 Mei 1942 katika kijiji cha Mkula, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Luhaga na Mama Kabula, wakulima wa pamba na wafugaji, na alibatizwa mwaka 1950. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1951 hadi 1954, darasa la kwanza hadi la nne, akaishia hapo kwa sababu baba yake aliona ng'ombe hawahitaji mchungaji anayejua kusoma, lakini miaka hiyo minne ilimtosha kusoma kila kilichoandikwa ubavuni mwa boksi la majani ya chai, jambo ambalo wengi wenu mliofika darasa la saba na kuendelea hamjawahi kulifanya, mnatazama picha.

Tarehe 15 Septemba 1962 alifunga ndoa na marehemu Thomasi Ndaki, mpimaji wa pamba, wakaishi Nyalikungu mjini Maswa, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki Veronica aliyezaliwa mwaka 1965 na Dastan aliyezaliwa mwaka 1969. Baba Thomasi alifariki tarehe 2 Novemba 1978, na Machi ya mwaka uliofuata marehemu alihamia hapa Bariadi na watoto wake, akafungua hoteli ya chai karibu na stendi, meza tatu na mabenchi sita, ambayo wenyeji wanaijua kwa jina la Kwa Mama Vero.

Miaka ile chai haikuwa na kuchagua, majani yalikuwa ya aina moja katika pakiti moja, yakiadimika watu walichemsha mchaichai wakashukuru Mungu. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, kuanzia mwaka 1986 na kuendelea, maduka yalijaa, yakaja majani ya Mufindi, ya Tukuyu, ya Usambara, ya Bukoba na mengine yaliyovuka mpaka kutoka Kenya, yakaja maboksi yenye picha ya jogoo, ya taji, ya Mzungu mwenye kofia, na hapo ndipo marehemu alipogundua kwamba watu waliokuwa wakililia chai miaka yote walikuwa hawajui wanacholilia. Alikuwa akisema mtu wa Bariadi ukimpa uhuru wa kuchagua huchagua rangi ya boksi.

Yeye alianza na maji. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na majani laini ya Usambara yakiingia humo harufu yote hufa, kwa hiyo alikinga maji ya mvua kwa ajili ya wanaokunywa chai kavu, na ya kisima akayaachia chai ya maziwa, ambayo aliichanganyia sehemu mbili za Mufindi na moja ya Tukuyu, kwa sababu maziwa ya ng'ombe wetu ni mazito na yanataka majani yenye nguvu ya kuyasukuma. Hakumpikia mtu bila kumuuliza amekula nini, anakunywa kavu au ya maziwa, sukari vijiko vingapi, na aliyejibu vijiko vinne aliambiwa, "Baba, wewe hunywi chai, unakunywa sukari iliyopakwa rangi, ngoja nikupe vumbi la chini ya kopo, hutajua tofauti," akapewa vumbi, na kweli hakujua. Wenye kupenda chai nyeusi tii waliambiwa weusi siyo ukali, masizi nayo ni meusi. Waliotoka mnadani wakiwa na vumbi kooni aliwapa ya punje kubwa, isiyokolea sana, kwa sababu mwenye kiu akipewa chai nzito hukunja uso na kudai maji.

Ndugu Selestini, karani wa kiwanda cha pamba, yupo hapa na naomba asikasirike, mwaka 1989 alikuja na boksi lake la picha ya taji akasema, "Mama Vero, leo nipikie hii, hizi za kwako ni za wasukuma mikokoteni." Marehemu akapika vikombe viwili, kimoja cha taji na kimoja cha mchanganyo wake, akamwekea mezani bila kusema kipi ni kipi, Selestini akanywa vyote, akapiga meza akasema, "Hii ya kushoto, mama, hii ndiyo ya wakubwa!" na ya kushoto ilikuwa ya wasukuma mikokoteni. Marehemu alimwambia, "Basi maliza na taji lako, baba, usilimwage, ni la wakubwa," akamsimamia mpaka akamaliza.

Tarehe 20 Agosti 1988 wifi yangu Veronica alikuwa amefunga ndoa na Marcelo, mfanyabiashara, mwenye gari la mizigo lililokuwa likienda Mwanza na Shinyanga, na ni Marcelo aliyekuwa akimletea mkwe wake majani kwa magunia. Wageni wasiojua mila zetu niwaeleze, kwetu Usukumani mama mkwe na mkwilima wake hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hivyo gari la Marcelo likisimama mbele ya hoteli marehemu alitokea mlango wa nyuma na kukaa uani mpaka gunia limeshushwa na gari limeondoka. Hakuwahi kulifungua gunia mbele yake, hakuwahi kuonja mbele yake, na kukirudisha alicholeta mkwilima ni kumtukana yeye na ukoo wake wote. Mwenye duka mwingine yeyote alimlazimisha kufungua na kumwaga majani juu ya kitambaa cheupe kabla hajapokea, lakini huyu alilindwa na heshima, na mtu anayelindwa na heshima ndipo unapomwona alivyo.

Mwezi Februari 1993 gunia lilifika, marehemu akatia majani kidogo kwenye kikombe cha maji baridi, maji yakawa mekundu pale pale kama yametiwa wino, wakati majani ya kweli hukaa kwenye maji baridi muda mrefu bila haraka. Alipoyasugua kwenye kitambaa akakuta punje zilizokwisha kuchemshwa, zikaanikwa, zikatiwa rangi ya nguo, yaani makapi yaliyookotwa nyuma ya mahoteli ya watu, na ndiyo ambayo Marcelo alimletea mama wa mke wake awanyweshe watu. Alimwita Veronica akamwambia amfikishie mumewe ujumbe kwa upole, Veronica akaufikisha, na jibu lililorudi lilikuwa hili, "Mwambie mama majani ni majani, hao wanywaji wake wana ulimi gani?"

Hapo marehemu alifanya kosa, na aliniagiza nisilifiche. Kwa kuogopa kuvunja nyumba ya binti yake aliyapika majani yale kwa siku tisa. Watu walitema chini, wengine wakashika matumbo, wakacheka wakisema, "Mama Vero, leo umetuchemshia gunia lenyewe?" na wengine wakanong'ona kwamba mkono wake umekufa, na wengine, ambao Jumapili tunapokea nao Komunyo, wakasema alikuwa akitia dawa ya mvuto siku zote na sasa dawa imeisha nguvu. Siku ya kumi alimwaga gunia zima shimoni na akaacha kupika chai, akauza uji kwa mwaka mmoja na miezi kumi, na hakumweleza mtu sababu. Wakati huo huo Marcelo alifungua kibanda cha chai ng'ambo ya stendi, akawaambia wateja kwamba mama amezeeka, ulimi umepoteza ladha, nanyi mkavuka barabara kwa furaha kwenda kunywa yale yale makapi, mkayasifu, kwa sababu kikombe kilikuwa na maua.

Niliolewa na Dastan mwaka 1991, kwa hiyo nilikuwepo, niliona. Mwezi Januari 1995, wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na stendi ikajaa, marehemu alimtuma Dastan mpaka Mufindi, Tukuyu na Lushoto kule Usambara kuleta majani, tukaanza tena, mimi nikipepeta kwa ungo, yeye akionja na kutema, akinifundisha kwamba mchanganyo hautafutwi kwenye boksi bali kwa kupika vikombe vitatu vidogo, unabadilisha sehemu moja tu kila mara, unakunywa ukiwa hujala kitu chenye pilipili, na ukipata unaoupenda usiuonee haya hata kama jirani anaucheka. Waliorudi walirudi wakisema, "Mama Vero umepona mkono?" naye aliwajibu kwamba mkono haukuumwa, wao ndio waliokuwa na ugonjwa, akawapikia. Nilimwomba aseme ukweli. Alinijibu, "Mwanangu, ukwe unanifunga mimi, wewe haukufungi, Marcelo kwako ni shemeji tu, siku nitakapolala utasema."

Mwezi Oktoba 1996 marehemu alianza kusumbuliwa na koo, akatibiwa katika hospitali ya wilaya hapa Bariadi, na Januari mwaka huu akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ambako iligundulika kuwa ni kansa. Tangu Aprili hakuweza kumeza chai, akawa anainusa kwenye kikombe na kusema imezidi Tukuyu au imepungua, na hakuwahi kukosea. Alifariki nyumbani siku ya Alhamisi tarehe 12 Juni 1997 saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza kwa kazi waliyoifanya bila kuchoka, inawashukuru majirani waliochota maji na kukata kuni, akina mama wa jumuiya, na wenye hoteli wenzake wa stendi waliofunga leo ili kumsindikiza. Na mimi peke yangu namshukuru wifi yangu Veronica, ambaye jana wazee waliponiambia nifute alichukua karatasi hizi, akazisoma zote, akanirudishia akasema, "Soma, wifi, nimechoka kubeba maneno kati ya watu wawili."

Jambo la mwisho. Marehemu alijua kwamba msibani watu hunyweshwa chochote kwa kuwa wanaona aibu kukataa, na alilichukia jambo hilo, kwa hiyo wiki mbili kabla hajafa aliniamuru nimletee makopo kitandani, akachanganya kwa kunusa chai ya mazishi yake, sehemu tatu za Mufindi na moja ya Usambara, akisema mtu aliyelia ana ulimi mzito na pua iliyoziba, asipewe chai ya upole. Ndiyo mtakayokunywa tukirudi kutoka makaburini, na msio na ulimi mtakunywa pia, alisema mpewe.

Alisema kikombe cha kwanza ni cha mkwilima. Hakuweza kumpa kwa mkono wake akiwa hai, kwa hiyo nitakipeleka mimi, shemeji Marcelo, nawe utaketi hapa mbele ambapo watu wote wanakuona, na utakunywa taratibu, kisha utatuambia kama majani ni majani.

Mama, umenyamaza vya kutosha, na uliyoniagiza nimeyasema. Sasa pumzika kwa amani.