Yusta Kalinga, Mfamasia Aliyeulizia Miguu ya Kaka Yake

Mama yetu, Yusta Sosthenes Kalinga, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1958 Kihesa, Iringa, mtoto wa pili wa mzee Sosthenes na mama Faustina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, na mwaka 1983 akahitimu ufamasia Dar es Salaam. Bibi alisema hakuwa mtoto wa kukaa. Hata ugali aliula amesimama.

Mwaka huo huo kaka yake, mjomba wetu Ambrosi, aliyekuwa akisoma Ulaya, alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Huko alikuwa ametibiwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kwa dawa mpya. Baada ya wiki chache alishikwa na homa, miguu ikafa ganzi, akapooza. Miezi michache baadaye dawa ile ikaondolewa sokoni. Majirani walisema amerogwa. Mjomba alimuuliza mama, "Yusta, ni ile dawa, au ni mimi mwenyewe?"

Mama hakutulia tena. Alipoajiriwa hospitalini Mbeya aliandikia vyuo vya Ulaya barua baada ya barua, akiomba nakala za tafiti. Julai 1987 aliolewa na mwalimu Gwakisa Mwaisumo. Baba alisimulia kuwa siku ya harusi bibi harusi aliulizia kama posta imefunguliwa. Mwaka 1991 alipanda basi kwenda Kihesa na majibu.

"Kaka, waliotumia ile dawa walipooza wengi zaidi kuliko wasioitumia. Kwako wewe siwezi kuapa. Lakini uchawi hapana, na kosa lako hapana."

Mjomba alilia. Kisha akasema, "Basi kawaambie na hao majirani." Mama alitoka, akapita nyumba moja moja.

Baba alipofariki mwaka 2018, mama naye alipata sonona. Aliandikiwa vidonge vya aina nyingine, akaviacha mezani siku nne. Mjomba akampigia simu: "Vinywe, mdogo wangu. Hivi siyo vile." Alivinywa, na kila asubuhi alikanyaga sakafu peku, kupima kama miguu inahisi baridi. Alipona.

Januari 2025 moyo ulianza kumsumbua. Hata wodini aliwauliza wauguzi kila kidonge kinafanya kazi gani. Alifariki nyumbani Mbalizi tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 66.

Ameacha kaka yake Ambrosi, aliye nasi hapa. Watoto wawili, Isaka na Bertha. Na wajukuu watano.

Mungu ampe pumziko ambalo mwenyewe hakuwahi kujipa. Amina.