Wiki ya Masika Kule Boko

Enzi za Ujamaa, kijiwe chetu cha Manzese kilikuwa benchi moja mbele ya banda la kahawa, na wenye benchi tulijulikana. Nassibu tulimwita Redio kwa kusema kwake. Jabiri alikuwa Hakimu, ingawa mahakamani alikuwa akifagia tu. Leonardi, mchonga vinyago kutoka Ndanda, ndiye Fundi. Sote tulikuwa wanachama wa ushirika uliojenga nyumba ya mapumziko ufuoni Boko, kwa mikono yetu, kila Jumapili, huku tukiimba. Kila familia ikapewa wiki yake moja kwa mwaka. Raha ile naikumbuka mpaka leo.

Jioni moja Fundi alikuwa akitafuta wa kumuuzia wiki yake. Alitaka kurudi Ndanda, na nyumba yake kule ilikuwa haijaezekwa. Tatizo lilikuwa sheria za ushirika: anayenunua kwa mwanachama haruhusiwi kubadili wiki wala kutumia jiko. Ofisini kwa ushirika nako ziliuzwa wiki mpya, pamoja na jiko, na mwezi unachagua mwenyewe. Ya Fundi iliangukia katikati ya masika. Nani angeitaka?

— Sheria gani hii, jamani? Nani aliileta? akauliza Redio.

— Si wewe ulinyoosha mkono kuipitisha mpaka kwapa likaonekana? akasema Hakimu. Na aliyeipendekeza ni Fundi mwenyewe.

— Nilikuwa nawazibia njia walanguzi, Fundi akasema. Sikujua kama na mie nitakuja kuuza.

Redio akadai viongozi wanashusha bei za wiki hizi makusudi ili wazinunue wao. Hakimu akasema hajui kitu huyo: imeshaagizwa mashine ya kufukuza mvua, itafungwa Boko, na wiki za masika ndizo zitakazogombewa. Tulicheka mpaka kahawa ikatupalia.

Ndipo akaja Kasimiri, karani kijana aliyehamia mtaani juzijuzi. Akatuamkia shikamoo, akasema wiki hiyo anaitaka, mvua na iwepo, jiko lisiwepo. Yeye na mkewe watakula mkate.

Fundi akafurahi, akaanza kuisifu. Akaeleza mvua inavyopiga bati usiku kucha, na marehemu mkewe, Apolonia, alivyokuwa akichemsha mihogo wakaila kitandani, ufuo mzima wao peke yao. Mwaka huu alikwenda bila yeye. Jiko hakuliwasha, lakini alikaa wiki nzima.

Kasimiri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu:

— Sasa mwakani, mvua zikianza, mzee wangu utakwenda wapi?

Fundi akatutazama mmoja mmoja. Nilimwonea huruma. Ufunguo wa nyumba ya Boko alikuwa ameshautoa mfukoni. Akaufumbata, na Kasimiri hakunyoosha mkono kuupokea.