Breki za Dada wa Nyuki

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, pale mteremko unapoishia na barabara kupinda. Mbele yake kuna jiko la Mama Kahawa, kando kuna lundo la mchanga wa mtu aliyeanza kujenga akaishia njiani. Ubao ni wa Mzee Gia, aliyeendesha malori miaka thelathini na mpaka leo mkono wake wa kushoto ukikaa bure unatafuta gia. Na wa Diploma, aliyesomea magari darasani na cheti anatembea nacho kwenye bahasha. Mimi ni Spana. Shule niliacha darasa la sita, walimu walikuwa wananichelewesha. Sikai kwenye ubao. Nina sanduku langu la chuma, na halikaliwi na mtu mwingine.

Basi asubuhi hiyo pikapu ikashuka mteremko ikivuta trela, honi inalia mfululizo. Ikatupita, ikajichomeka kwenye mchanga, ikatulia. Diploma akajimwagia kahawa. Akashuka dada mmoja, sauti imetulia.

DADA: Habari zenu. Breki zimefeli. Nakanyaga mpaka chini, hakuna kitu.

MZEE GIA: Pole, binti yangu. Umebeba nini?

DADA: Nyuki. Mizinga kumi na miwili. Nawahamishia kwenye mashamba ya alizeti. Humo ndani nimewafungia, na jua likipanda kabla sijafika, watakufa wote kwa joto. Ndiyo kazi yangu yote hiyo mnayoiona. Mimi mgeni hapa. Gereji nzuri iko wapi?

Swali hilo hapa kwetu halijibiwi na mtu mmoja.

DIPLOMA: Dada, usibahatishe. Kuna gereji kubwa kule mjini, wana kompyuta. Wanachomeka waya, gari linajieleza lenyewe.

MIMI: Pikapu hii rika moja na Mzee Gia. Itajieleza kwa lugha gani?

MZEE GIA: We mtoto, adabu!

MIMI: Shikamoo, mzee. Dada, nisikilize mimi. Gereji ni ya mjomba wangu tu, ng'ambo ya daraja. Mimi mwenyewe nimepikwa pale nikaiva. Kuna lori lilitengenezwa pale miaka minane iliyopita, halijarudi mpaka leo.

DIPLOMA: Limekufa.

MIMI: Limepona!

MZEE GIA: Nyote bado watoto. Gereji inachaguliwa kwa mbwa wake.

DIPLOMA: Mbwa tena?

MZEE GIA: Ukikuta mbwa amenenepa, ujue wateja wanakaa hapo siku nzima, wanakula hapo, wanamtupia mifupa. Mbwa amekonda? Magari yanatoka upesi.

DIPLOMA: Na kama hakuna mbwa?

MZEE GIA: Hapo kimbia. Fundi huyo hata mbwa wamemshinda.

MAMA KAHAWA: Mimi fundi namjulia kwenye kikombe. Anayepuliza kwanza ana subira. Anayeimeza ya moto, huyo atasahau nati.

MIMI: Mimi naimeza ya moto.

MAMA KAHAWA: Najua.

Yule dada alikuwa amerudi kwenye trela. Akaweka kiganja juu ya mzinga mmoja, akautegea sikio, akamimina maji kwenye magunia aliyofunikia. Mvumo ulikuwa umepanda kidogo. Jua nalo lilishafika kwenye jiko. Sisi tukazidi kuchemka.

DIPLOMA: Kompyuta ya kule inaiona ajali kabla haijatokea!

MIMI: Mjomba wangu akinusa tairi anakutajia barabara zote ulizopita, na shimo uliloingia usiku!

MZEE GIA: Mimi niliwahi kutengenezewa lori huku naendesha. Nasema huku naendesha! Fundi alining'inia ubavuni, nikafika nikakuta limepona.

DADA: Jamani, naomba kuuliza kitu kimoja.

SOTE: Uliza, dada.

DADA: Hizo gereji zenu zote, bila breki, na trela hili nyuma, nitafikaje?

Mzee Gia mkono wake ukatafuta gia, ukaikosa. Diploma akachungulia ndani ya bahasha yake, sijui alitegemea kukuta nini. Mama Kahawa akainamisha birika, halikutoa hata tone.

MAMA KAHAWA: Kahawa imeisha. Na wewe Spana, hicho ulichokalia asubuhi nzima ni nini?

Ndugu msomaji, nilikuwa nimekalia spana zangu zote, na jeki, na chupa ya mafuta ya breki.

Nikaingia uvunguni. Mpira wa kupitisha mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma ulikuwa umepasuka, palepale karibu na trela. Diploma akatimua mbio mpaka duka la spea, na akarudi na mpira wenyewe, saizi yake hasa, bila kupima. Siku hiyo nilikiheshimu kile cheti, ila usimwambie. Mzee Gia akapanda kwenye usukani, maana ukishafunga mpira mpya lazima utoe upepo kwenye breki, mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini kwenye nati.

MIMI: Kanyaga! Shikilia! Achia!

MZEE GIA: Mwanangu, nilianza kukanyaga hizi kabla baba yako hajaoa!

Sasa, mchanga ulikuwa umechana kidogo wavu wa kuwazuia nyuki kwenye trela. Nyuki watatu wakatoka kuangalia nani anapiga kelele. Mmoja akatua kwenye mdomo wangu. Ningeachia nati wakati ule, upepo ungerudi wote na kazi ingeanza upya. Akanichoma. Sikuachia. Akaja wa pili, mdomoni palepale. Sikuachia! Waulize walionishuhudia.

Dada akaitoa pikapu mchangani, akaijaribu palepale, ikasimama kama imepigwa msumari. Akautegea mzinga sikio, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akatoa kichwa dirishani.

DADA: Wenzangu watapita hapa wiki ijayo na mizinga yao. Niwaambie waje kwenu. Gereji yenu inaitwaje?

Diploma akamwangalia Mzee Gia. Mzee Gia akaniangalia mimi. Jina nilikuwa nalo! Refu, zuri, na mimi nimo ndani yake. Lakini mdomo ulikuwa umejaa kama tairi la trekta, hautoi neno. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na la kujisifia kubwa kama lile, na siku yenyewe ndiyo hiyo mdomo umegoma.

Dada akacheka, akapunga mkono, akaondoka. Kwenye kona, taa mbili nyekundu zikawaka nyuma ya trela, na mizinga yote kumi na miwili ikapunguza mwendo, taratibu, ikakata kona.

Nikawaonyesha wenzangu zile taa kwa kidole.