Mama Makochi, Msomaji wa Lango la Chumvi

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Makochi, alizaliwa tarehe 14 Mei 1955 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya ukuta wa karakana. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yake alikuwa fundi wa breki za mabehewa na mama yake alishona sare. Bibi alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alikuja duniani amekunja ngumi, na hakuona sababu ya kuzikunjua. Alipokuwa na umri wa miaka sita alikichana kwa kisu cha jikoni kiti cha babu, kiti pekee chenye mto katika nyumba ile, ili aone kuna nini ndani kinachomfanya babu asinzie kila akikikalia. Alichapwa. Kesho yake akaomba sindano, akakishona mwenyewe, na babu akakiri kwa shingo upande kwamba sasa kimekaa vizuri kuliko mwanzo.

Alianza masomo mwaka 1962 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, ambako kaka yake mkubwa alikuwa tayari anang'ara. Huko ndiko yalikomkuta. Hesabu za kichwa aliziweza, na hadithi alizisimulia hadi darasa likasahau kengele, lakini kitabu kikifunguliwa mbele yake, herufi zilimchezea. B iligeuka D, na maneno ya mstari wa juu yalishukia ya chini. Leo hali hiyo ina jina lake, na wako walimu wanaoielewa. Wakati ule jina lake lilikuwa uvivu, na dawa yake fimbo. Kaka mkubwa alijaribu kumfundisha nyumbani, akachoka, akamwambia mama yao kwamba huyu kichwa chake hakipitishi. Mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, akayasikia. Alipofika darasa la tano alilipeleka daftari lake mezani kwa mwalimu, akasema ahsante, akatoka. Hakuna aliyeweza kumrudisha.

Mwaka 1970 alipokelewa kujifunza ufundi katika karakana iliyotengeneza viti vya mabasi, akiwa msichana peke yake kati ya wanaume. Walimpa kazi ya kufagia ili achoke aondoke. Akafagia, na huku anafagia akawa anaangalia mikono yao. Mwaka 1984 alifungua karakana yake mwenyewe nyuma ya soko la mbao. Mlangoni hakuandika kitu. Alichora kochi jekundu lenye miguu minne, na watu wakafika. Alifanya kazi na misumari midogo imebanwa midomoni, akazungumza nayo hivyo hivyo, na wateja wakazoea kumwelewa. Sponji aliipima kwa kuipiga kofi. Springi alizifunga kwa kamba ya katani hata pale wenzake walipohamia kwenye mikanda ya mpira, na mteja aliyetaka kitu cha harakaharaka alionyeshwa njia ya kutokea. Wengi wenu mlioko hapa mmekalia kazi yake. Wengine mtarudi nyumbani leo mkaikalie tena.

Baba yetu alikuwa karani wa posta. Alileta kiti cha ofisi kilichopasuka kwenye karakana ile ya viti vya mabasi, mama akiwa bado anafanya kazi huko, akaambiwa asubiri, na kwa kuwa hakujua kukaa bure alianza kusoma gazeti kwa sauti. Kiti kilipokwisha akasimama kuondoka. Mama, bila kuinua macho, akamwambia ukurasa wa nyuma bado. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979. Kwa miaka yote ya ndoa yao baba alimsomea: magazeti, maelezo ya dawa, barua za shule, na riwaya alizoziazima maktaba, akisoma mezani huku mama akikunja nguo. Sisi watoto tulikua tukidhani kila nyumba ina baba anayesoma na mama anayemkatiza. Baba alifariki tarehe 2 Julai 2013, na nyumba ikanyamaza. Mama aliwasha redio, akaizima. Akasema redio inaongea na kila mtu.

Mwaka uliofuata binti yake mdogo, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alimwekea kwenye simu kitabu cha kusikiliza. Kilikuwa cha kwanza katika vile tisa vya Lango la Chumvi, hadithi ndefu ya mwanamke dobi anayeokota yai kwenye kisima cha kufulia, yai likatoa joka, na yeye na joka lake wakapewa kulinda lango linalotenganisha nchi ya walio hai na jeshi la mfalme asiye na kivuli. Kilisomwa na mwanamume mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Binti alidhani mama atachoka baada ya dakika tano. Mama alisikiliza sura ya kwanza amesimama, nyundo mkononi, kisha akasema, "Rudisha nyuma. Joka limemfanya nini?"

Kuanzia siku hiyo karakana haikuwa ile. Alinunua spika, akaitundika juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mafundi wake wawili walijifunza kutopiga nyundo wakati joka likisema, na kazi zenye kelele zikahamishiwa kwenye sura za vita. Mteja aliyekuja kuchukua kochi lake aliambiwa liko tayari, ila akae kwanza, kwani wamefika darajani. Wengi walikaa. Mmoja alikuja mara tatu kuulizia mito ya viti ambayo hakuwahi kuiagiza.

Si kila mtu alifurahi. Kaka yake mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu ualimu mkuu na bado anaitwa Mwalimu Mkuu hadi leo, alifika nyumbani mchana mmoja akasikia sauti ya mwanamume ndani ya nyumba ya mjane. Alirekebisha koti, akakohoa mlangoni, akaingia amejiandaa kumkabili bwana huyo. Alikuta simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Alipoelewa ni nini, hasira haikupungua, iliongezeka. Alimwambia dada yake kwamba mama mzima mwenye wajukuu hasikilizi mambo ya majoka, kwamba watu watasema amerukwa na akili, na kwamba hata hivyo kusikiliza si kusoma.

Mama alimkaribisha chai kwanza. Alikuwa mtu wa heshima kwa kaka yake, na hakuwahi kumpandishia sauti. Kisha akamjibu. "Kaka, mimi nilifukuzwa kwenye vitabu nikiwa mtoto. Sasa nimerudi. Sitoki tena."

Mwalimu Mkuu hakuishia hapo. Aliwaomba kina mama wa kikundi cha sala wamshauri, nao wakaja watatu, wakaeleza kwa upole kwamba joka ni kiumbe cha kutisha na si cha kuchezea. Aliwasikiliza hadi mwisho. Akawaambia hilo la hadithi nalo linatisha, ndiyo maana likapewa lango kulinda, na kama wana muda wangeweza kusikia wenyewe. Wawili kati ya watatu hao wapo hapa leo, na wanaweza kuwaambia kitabu cha nne kinaishaje.

Kwa miaka tisa alisikiliza kila kitabu kilichotoka, na alivirudia vya zamani kila alipokuwa akisubiri kipya. Watoto tulimtania kwamba amepata mchumba wa kwenye simu. Alijibu kwamba angalau huyu hachafui vikombe. Alipolia katika kitabu cha sita, rafiki wa dobi alipouawa langoni, alilia waziwazi mbele ya wateja, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha velveti, akaendelea kushona. Jirani mmoja alimwambia ni hadithi tu. Akamwuliza jirani huyo anadhani yeye analilia nini akilia msibani kwa mtu asiyemjua.

Mwezi Mei 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alianza matibabu bila malalamiko. Baada ya dawa ya kwanza ya mshipa alisikia mlio masikioni, kama birika linalokaribia kuchemka. Baada ya ya pili alituambia, kwa utulivu uliotuogopesha, kwamba halisikii tena lile joka dogo. Katika kitabu hilo ni joka la pili, changa, lenye sauti nyembamba, na sauti nyembamba zote zilikuwa zimeanza kumpotea. Alimwuliza daktari kama ni dawa inayofanya hivyo. Daktari, mwanamke kijana asiyezungukazunguka, alisema ndiyo. Alisema dawa hiyo ndiyo anayoiamini zaidi kwa ugonjwa wake, kwamba ikiendelea inaweza kuchukua masikio zaidi na yasirudi, na kwamba ipo nyingine iliyo laini kwa masikio lakini hawezi kuahidi itafanya kazi sawasawa.

Kikao cha familia kiliketi sebuleni, kwenye makochi aliyoyatengeneza mwenyewe. Wote tulikuwa upande mmoja. Tulimwomba, tulimbembeleza, na Mwalimu Mkuu alisimama akasema kama mkubwa wa ukoo anamwagiza aendelee na dawa ya kwanza. Mama alisubiri tumalize.

"Wako viziwi wanaoishi vizuri, sibishi," alisema. "Lakini kusoma kwangu kuko masikioni. Nyinyi mnapigania siku zangu. Mimi napigania kilicho ndani yake."

Asubuhi yake alikwenda hospitali, akachagua dawa ya pili. Wako wanaosema mpaka leo kwamba alikosea. Daktari wake hakusema hivyo, na sisi watoto wake, tuliolia sana siku ile, leo hatusemi hivyo. Alichagua akiwa na akili timamu, akaishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, akashona, akacheka, akagombana, akasikia.

Mwezi Novemba 2024 kitabu cha tisa, cha mwisho, kilitoka. Kilitoka cha karatasi tu. Cha kusikiliza kilikuwa bado hakijarekodiwa, na hakuna aliyejua kitakuwa tayari lini. Kufikia wakati huo mama alikuwa hatoki tena kitandani, na alijua, kama tulivyojua sisi, kwamba hataweza kusubiri. Binti yake alikinunua, akakiweka kando ya kitanda, akawa anasoma kurasa chache kila akirudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na mara mbili alisinzia katikati ya sentensi.

Mwalimu Mkuu alikuwa akija kila alasiri kumjulia hali. Alikaa kwenye kiti, akauliza amekula nini, akatazama saa. Siku moja binti alipokuwa jikoni alisikia sauti chumbani, akasogea mlangoni. Mjomba alikuwa amevaa miwani, amekishika kitabu mbali kidogo na uso kama kitu kinachoweza kumng'ata, na anasoma. Hakuombwa na mtu. Alisoma wima, kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka thelathini kuwatangazia wanafunzi wachomekee mashati.

Mama alimvumilia ukurasa mmoja. Kisha akamwambia, "Kaka, joka halitoi matangazo. Lina njaa na limekasirika. Hebu jaribu."

Akajaribu. Alasiri ya tatu majirani walimsikia mwalimu mkuu mstaafu akinguruma. Alipochelewa siku moja kwa sababu ya mvua, aliingia amelowa hadi magotini na kabla ya salamu akauliza kama kuna mtu aliyesoma mbele bila yeye.

Walimaliza kitabu mwezi Februari. Mwishoni dobi anachoka na vita, analifungua lango kwa mkono wake, anampa mfalme asiye na kivuli ufunguo, na nchi inapata amani. Mwalimu Mkuu alifunga kitabu akavua miwani, na ilionekana wazi kwamba mwisho ule ulimgusa. Mama akasema mwandishi amekosea. Akasema dobi yule hangetoa ufunguo, kwamba mtu aliyelinda lango vitabu vinane hachoki kwenye cha tisa, na kwamba yeye angeumeza huo ufunguo. Walibishana alasiri nzima, yeye akiwa hana nguvu ya kuinua kikombe, na kaka yake akimpinga kwa hoja kama mtu wa rika lake. Binti alikuwa mlangoni. Hajawahi kuwaona wamependana vile.

Mama alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, watoto wake wakiwa kando yake. Hakukubaliana na mwisho wa kitabu, wala wa ugonjwa.

Tulipokaa kuuandaa wasifu huu, ilipendekezwa na wenye nia njema kwamba, kwa heshima ya marehemu, tuandike tu kwamba alipenda kusikiliza redio. Mwalimu Mkuu aliomba kalamu. Alisema hakuna mtu atakayeligusa neno atakaloandika, akaandika mwenyewe, na neno hilo tunalisoma kama alivyoliandika: "Dada yangu alikuwa msomaji."

Marehemu ameacha kaka mmoja, dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, mafundi wawili aliowalea kama wanawe, na nyumba nyingi ambazo watu wake wanakaa vizuri. Mungu ampumzishe kwa amani. Na yeyote huko atakayejaribu kumwambia atulie, tunamwombea subira.