Benchi la Masaa Mawili

Mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, wazazi wetu, na nyie wadogo mnaoruhusiwa kulia muda wowote bila kunyoosha mkono:

KARIBU SANA

Sisi wafanyakazi wa kitengo cha watoto, yaani manesi wanne, tabibu, dada wa usafi na mtoa dawa anayekusomea risala hii, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Jengo unalotufungulia ni zuri. Ukutani usiegemee tu, rangi bado mbichi.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, miaka minane iliyopita aliletwa hapa mtoto wa kike wa mwaka mmoja, masikio yanamuuma. Tukampa antibaiotiki ya maji. Kesho yake karudi, anatapika mfululizo. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akitapika dawa palepale, rudia dozi. Lile neno "palepale" tukalisahau chuoni. Tukarudia. Akatapika. Siku ya tatu kaja midomo imepauka, amelegea begani kwa bibi yake kama nguo iliyotoka kwenye maji.

Bibi huyo ni dobi. Alisema hivi: "Wanangu, nikishampa dawa naloweka nguo. Nafua, nasuuza, naanika. Nikibana shuka la mwisho tu, anatapika. Jana hivyohivyo, juzi hivyohivyo. Ugonjwa gani huu unaojua ratiba yangu?"

Mtoa dawa wetu akamjibu, "Bibi, labda ni harufu ya sabuni."

"Sabuni naishika mwaka wa thelathini huu, sijawahi kutapika. Wewe nimekuona dakika tano tu, kichefuchefu kimeshaanza."

Tabibu alicheka, halafu akahesabu: kuloweka mpaka kuanika ni kama masaa mawili. Akampigia simu daktari wa watoto wa hospitali kubwa, na jibu likaja: utumbo wa mtoto ndio ulioikataa ile dawa. Ni mzio, lakini wa tumboni. Hauna vipele, hauna kuvimba uso, ndiyo maana ulitupita mbele ya macho. Mtoto anakunywa dawa vizuri, anacheza, halafu baada ya lisaa au masaa machache anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Tukaacha dawa ile, tukamwekea dripu, akapewa ya aina nyingine. Jioni alimvuta nesi hereni. Tukampa jina la Bosi.

TUNACHOJIVUNIA

Baada ya aibu ile tulitafuta benchi, tukaliweka ndani, chini ya dirisha la dawa. Mtoto mdogo anayeanza antibaiotiki anakunywa kijiko cha kwanza mbele yetu, anakaa hapo na mzazi wake masaa mawili, na nyumbani mzazi anaendelea kumwangalia. Tunaandika saa aliyokunywa na saa aliyotapika, kama ametapika. Tukishuku, dawa inasimama, kadi yake inabandikwa utepe mwekundu, na anapelekwa kwa daktari wa watoto. Hatujidai kuwa kila kutapika ni mzio. Kwa miaka minane tumebandika tepe saba; watano wamethibitishwa, wawili walikuwa hawapendi ladha tu, na mmoja wao alimtemea tabibu shati zima.

Lakini tangu benchi liwepo, hakuna mtoto aliyepewa tena dozi kwa makosa yetu. Hili tunalisema vifua mbele.

KINACHOTUUMA

Ramani ya jengo jipya haina benchi. Pale chini ya dirisha pamewekwa jiwe la uzinduzi lenye jina lako. Benchi limetolewa nje, juani. Wiki iliyopita mama mmoja alishindwa na jua, akaondoka mapema. Mtoto akatapikia njiani, mama akakimbilia zahanati ya karibu, nao wakarudia dozi, kama sisi zamani. Hatuwalaumu, hawakujua. Mtoto huyo yuko kitanda cha tatu na anaendelea vizuri. Huyo unayemsikia akipiga kelele ndiye yeye, na kwetu hiyo ni redio.

TUNACHOOMBA

Tuna ombi moja tu. Jiwe ni zuri, na jina lako limeandikwa bila kosa. Lakini jiwe halitapiki, mheshimiwa. Likikaa nje halitapata shida, na wapita njia wote watalisoma. Tuachie benchi lirudi ndani.

Mkasi wa kukatia utepe utakabidhiwa na Bosi mwenyewe, sasa yuko darasa la tatu. Bibi yake amekaa mstari wa mbele. Amekuja na kapu lake la nguo za kufua, na humo ana kitambaa cha kulifutia benchi vumbi. Tulimwambia asubiri kwanza jibu lako. Kasema atasubiri, ila si zaidi ya masaa mawili.

Mungu akupe afya, na watoto wako wapone haraka kila waumwapo.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Watoto, pamoja na Bibi Dobi