Risala ya Watunza Seva wa Mnazi Mrefu: Ufunguo Mmoja, Watu Watano

Mgeni rasmi, Bibi Shufaa, Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini wa Hospitali ya Jamii Mnazi Mrefu, Mganga Mfawidhi, Katibu wa Hospitali, viongozi wa dini na wa kijiji, wauguzi, wagonjwa na ndugu zetu wa Fukayosi: shikamooni wakubwa, na wenzetu hamjambo. Assalaam alaykum.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu. Tunajua barabara ya kutoka Bagamoyo mjini inavyokuwa baada ya mvua, na ungeweza kumtuma mtu. Umekuja mwenyewe kutufungulia chumba kipya cha seva, na tunakushukuru. Chumba ni kizuri. Kina vigae, kiyoyozi, mlango wa chuma na mashine mpya ndani. Tungeweza kuishia hapa, ukakata utepe, tukapiga makofi, tukala pilau. Lakini tuna neno, na tutalisema.

SISI NI NANI

Sisi ni watu watano tunaotunza seva ya hospitali hii. Seva ni ile kompyuta inayokaa peke yake chumbani na kuhifadhi habari za kila mgonjwa: alikuja lini, alipimwa nini, alipewa dawa gani. Daktari akitafuta jina la mtoto kule wodini, jibu linatoka kwetu. Mashine inaendeshwa kwa programu iitwayo Linux kwa sababu haidai ada ya leseni, na kwa sababu ndiyo aliyoijua Mhandisi Yunus, aliyetufundisha.

Hakuna kati yetu aliyepita chuo. Anayewasomea risala hii aliacha shule darasa la sita akawa fundi redio Lugoba. Ally alikuwa akichomelea mageti. Ashura na Habiba walikuwa mapokezi. Adila Mohamedi alikuwa akishona sare za shule. Mhandisi Yunus alitukalisha mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha za kubonyeza, tukajifunza kuiamuru mashine kwa kuandika. Alituonya mapema kwamba ukiandika futa, inafuta. Haikuulizi kama umefikiri vizuri. Baadaye alipata kazi Dodoma, akatuachia mashine na funguo zake.

KAZI ILIYOFANYIKA

Kabla ya seva, mafaili ya wagonjwa yalikaa kwenye magunia stoo, na mchwa waliyasoma kabla ya daktari. Mama akitoka Mkange alfajiri aliweza kufika adhuhuri, akasubiri faili hadi alasiri, akaambiwa halionekani. Hayo yalikwisha. Mtoto mwenye selimundu akiletwa anahema, daktari alijua aina ya damu yake kabla hajashushwa kwenye pikipiki. Hilo tunajivunia, na tutajivunia hata baada ya haya yanayofuata.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa makini, kwa sababu habari uliyoletewa ni fupi kuliko ilivyokuwa.

Katika Linux kuna akaunti inaitwa ruti. Anayeingia kwa ruti ni mwenye nyumba: anafungua, anabomoa, anafuta, wala hakuna kinachomzuia. Kanuni ni kwamba kila mtu huingia kwa jina lake, na akihitaji nguvu za ruti huziomba kwa kazi ile moja, na mashine inaandika ni nani aliyeziomba. Ndivyo tulivyofundishwa. Mhandisi alipoondoka tuliacha. Sote watano tukawa tunaingia kwa ruti moja kwa moja, kwa neno la siri moja.

Watu wamesema ni uvivu. Si kweli. Sisi mchana tunakula sinia moja. Tunauguzana na tunazikana. Kumwambia mwenzio "hili neno la siri ni langu, wewe tafuta lako" kulitushinda. Tuliona ni kama kufunika chakula mtu anapopiga hodi. Ally aliwahi kujiwekea lake. Tulimsema wiki nzima: "Bwana mkubwa katia kufuli! Hata chumvi sasa tuombe kwa barua?" Akalitoa.

Asubuhi ya kliniki ya watoto, siku chache baada ya Idi Kubwa, diski ilijaa. Mashine huandika kila inachokifanya, na maandishi hayo tuliyaacha yakarundikana hadi hakukuwa na nafasi ya kitu kingine. Mfumo ukasimama. Simu kutoka kliniki zikaanza kulia, na nje akina mama walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi.

Ilikuwa zamu ya Adila. Sisi wengine tukakimbilia kumsaidia. Kila mmoja akavuta kiti na kompyuta yake, wote tukaingia kwa ruti, na ndani ya kile chumba cha zamani ilikuwa hivi:

"Futa yale maandishi ya zamani!"

"Yapi? Yako mengi."

"Yote ya humo!"

"Humo wapi? Mimi niko kwingine."

"Ally, toa mkono wako hapo!"

"Mkono wangu huu hapa, dada, huuoni?"

Kisha nafasi ikapatikana. Tukasema alhamdulillahi. Habiba akaenda kuwaambia wauguzi waendelee. Akarudi amekunja uso: kila jina wanalotafuta, halipo. Mmoja wetu alikuwa ametoa amri ya kufuta akiwa ndani ya hifadhi ya wagonjwa, akidhani yuko kwenye maandishi ya mashine.

Nakala za akiba tulikuwa nazo, au tuliamini tunazo. Kazi ya kunakili ilikuwa imekwama tangu mwanzo wa Ramadhani. Kila usiku mashine ilimtumia ruti ujumbe kwamba imeshindwa. Ujumbe wa ruti ulikuwa wa wote, basi haukuwa wa mtu, na hakuna aliyeufungua. Tulirudisha kilichokuwepo. Kila mgonjwa aliyetibiwa kuanzia Ramadhani hadi asubuhi ile alikuwa ametoweka.

Kamati iliundwa. Ilitaka kujua nani kafuta. Tulifungua maandishi ya mashine mbele yao, na kila mstari ulisema ruti. Muuguzi mmoja akauliza, "Huyo ruti ni wa zamu ipi?" Hatukuweza kucheka. Mgeni rasmi, mpaka leo hatujui ni mkono wa nani. Tumejiuliza, tumeulizana, tumeapizana. Kila mmoja anakumbuka kuandika futa, na kila mmoja anaamini alikuwa mahali sahihi.

Adila alipoulizwa alijibu, "Zamu ilikuwa yangu." Kamati ikaandika kwamba amekiri. Alichosema ni kwamba zamu ilikuwa yake. Akasimamishwa kazi, na sisi tukaendelea kukaa kwenye viti vyetu.

Akiwa amesimamishwa, Adila alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alianza kwenda vijijini kutafuta kadi za kliniki walizonazo akina mama, aziandike upya. Ashura alimfuata siku zake za mapumziko. Mkange walifika kwa Mina, mama wa mtoto mwenye selimundu, ambaye tayari mwanawe alikuwa ametobolewa tena sindano za vipimo vilivyokwisha kupimwa.

"Nyie ndio mliomfuta mwanangu?" Mina aliuliza, hajajibu hata hodi.

"Ndio sisi, dada."

"Mashine imekula jina lake, sasa mmeifuata na kadi?"

"Kadi haitoki mkononi mwako. Shika wewe mwenyewe, utusomee, sisi tuandike."

"Na mkiifuta tena?"

"Tutarudi hapa, ututukane tena."

Mina akawasogezea mkeka. Halafu akasema, "Ingieni kivulini basi, mtaungua." Akaifungua kadi kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akasoma yote.

Hivyo ndivyo habari nyingi zilivyorudi. Hazikurudi zote. Wako waliopoteza kadi, na wako ambao hatukuwakuta. Kwao hatuna la kusema ila kuomba radhi, na tunaiomba hapa hadharani. Huko vijijini bado kuna wanaomwita Adila "mfuta watoto". Sisi wengine hakuna anayetuita hivyo.

TUNAVYOFANYA KAZI SASA

Neno la siri la ruti limefungwa kwenye bahasha ofisini kwa Mganga Mfawidhi. Kila mmoja anaingia kwa jina lake na anaacha jina lake. Tulitaniana siku za mwanzo, sasa tumezoea.

Maandishi ya mashine yanakatwa na kukunjwa yenyewe kabla hayajajaa, na diski ikikaribia kujaa simu ya mwenye zamu inapiga kelele. Amri ya kufuta haiandikwi na mtu mmoja: mmoja anaisoma kwa sauti kama tulivyokuwa tukisoma madrasani utotoni, mwenzake anasikiliza, ndipo inapobonyezwa. Kwanza tunaorodhesha vitu vilivyomo, tuvione kwa macho, kisha ndipo tunapofuta. Nakala inakaa hapa, nyingine jengo la maabara, nyingine Lugoba. Na kila Ijumaa kabla ya swala tunachukua nakala moja tunairudisha kwenye mashine ya zamani, tunatafuta wagonjwa ndani yake. Nakala ambayo hujaijaribu ni uvumi tu.

Utaratibu huu aliuandika Adila, nyumbani kwake, akamkabidhi Ashura aulete kwa uongozi. Tuliufuata. Katika taarifa iliyosomwa kwako asubuhi, umeitwa utaratibu wa uongozi.

OMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi ya betri, ya jenereta na ya mafunzo. Tumeyaweka pembeni. Tuna ombi moja.

Risala hii ilipitiwa kabla ya leo, tukaambiwa tuondoe habari za Adila kwa kuwa ni siku ya furaha. Tuliziondoa. Jana tukazirudisha. Kama kuna adhabu ya hilo, itukute sote.

Tunajua Bodi yako inakaa leo baada ya chakula, na tunajua lililopendekezwa ni Adila aachishwe kazi kabisa. Anamlea mama yake na wadogo zake, na cherehani aliiuza alipoanza kazi hapa. Lakini hatuombi huruma. Tunaomba hesabu iwe sawa. Ruti tulikuwa watano. Kama ruti ana kosa la kufukuzwa, sote tuna kosa hilo, na leo mchana mtuandikie barua tano. Kama kosa ni la kuonywa na kufundishwa, basi sote tuonywe, naye arudi.

Katika mashine hii mpya tumefungua akaunti tano. Ya Adila ikafungwa kwa agizo siku ile ile. Kuifungua ni mstari mmoja wa maandishi. Kuuandika tunajua, ruhusa ndiyo hatuna. Ruhusa ni yako, mama, na tunaiomba kabla hujashika mkasi.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa wanao, na auongoze uamuzi wenu wa leo. Awaponye wagonjwa wote waliotibiwa hapa, wale tunaowaona kwenye mashine na wale tuliowapoteza.

Ni sisi watunza seva wa Mnazi Mrefu:

Yahya Husseni, msomaji
Ally Muharami
Ashura Bwanaheri
Habiba Majaliwa
Adila Mohamedi, ambaye ameambiwa leo asifike