Mgeni Asiyezidisha Matano

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati katika shule yetu ya wasichana hapa Damanhur, Mwalimu Shawqi Abdel-Maqsoud anastaafu tarehe 30 Juni. Chaki itapumzika, na masikio yetu pia, maana sauti yake ilikuwa ikivuka kuta mbili hadi kwenye darasa langu la jiografia.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuwafundisha wasichana kugeuza mafumbo ya hesabu kuwa aljebra. Angalau, si zaidi ya, isipungue: kila neno na alama yake. "Someni kilichoandikwa, binti zangu," alikuwa akilalama, "si mnachokijua!" Adui yake mkubwa alikuwa ukarimu wa mji huu.

Mwaka wake wa kumi alikuja mkaguzi, Ustadhi Bahgat, mtu asiyecheka ovyo. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama Shawqi abaki au ahamishiwe shule ya mbali jangwani, na mama yake alikuwa kitandani hapa mjini, hana mwingine wa kumwuguza. Mkaguzi akaandika ubaoni fumbo la mahashi, yale majani yanayojazwa wali na kuviringishwa: mgeni kasema hatakula zaidi ya mahashi matano ya kabichi; onyesheni kwa alama idadi atakayokula. Darasa zima, bila kunong'onezana, likaandika zaidi ya matano.

Mkaguzi akawaka. Msichana mmoja, Ibtihal, akasimama kuwatetea wenzake. "Ustadhi, huyo anaona haya tu! Akiondoka na matano tumboni, mwenye nyumba ataficha wapi uso wake?" Shawqi alituambia baadaye kwamba kichwani alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

Mchana tukamkaribisha mkaguzi katika chumba cha walimu. Bi Sawsan, mwalimu wa upishi, akaleta sufuria la mahashi yanayofuka moshi. Mgeni akasema ana ripoti ya kuandika, atakula matatu tu, asiongezewe. "Matatu ni ya paka, Ustadhi! Wallahi utanivunja moyo," akasema Bi Sawsan, huku anapakua. Sufuria lilirudi jikoni tupu. Mkaguzi akalegeza mkanda, akamtazama Shawqi, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Ripoti ilisema darasa lina uelewa mpana. Shawqi akabaki, na mama yake akauguzwa na mwanawe mpaka mwisho.

Vita vyake na ukarimu huo hakuviacha. Wanafunzi wake leo ni wahandisi na wafamasia, wanasoma kilichoandikwa bila kukosea, ila wakifika nyumbani wanapakua kupita kiasi.

Juzi alituambia atakuja kututembelea, lakini si zaidi ya mara moja kwa mwaka, asije akatusumbua. Tusamehe, Mwalimu, hilo tumelisoma kama Ibtihal. Kiti chako hapewi mtu, na shule ikifunguliwa Bi Sawsan ataleta sufuria kila Jumanne. Tutakukosa sana.

Asante kwa yote. Tunakutakia afya, na umri usiopungua miaka mia. Hapo, ukisoma kilichoandikwa au ukisoma tunachokijua, jibu ni lile lile.